Gari Linatetemeka Injini Ikiwa Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kero inayozungumziwa hapa ni moja. Unawasha gari asubuhi, injini inatetemeka, inamisi (silinda moja au zaidi haiwaki), pengine inazima kabisa. Baada ya dakika chache inatulia kama vile haikuwa na neno. Majibu mengi ni ya injini za petroli zenye kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Dizeli na kabureta zina maswali yao huko chini. Sailensi humu ni ile ya mafundi: injini inazunguka, gari limesimama, mguu hauko kwenye mafuta.

Injini baridi isiyo na tatizo inapaswa kuzungukaje?

Kwa kasi kuliko ikiwa imepata moto. Magari mengi ya petroli huanza na mizunguko kama 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, kisha hushuka taratibu kadiri maji ya rejeta yanavyopata joto, mpaka yatulie kwenye 600 hadi 850 hivi. Kontrol boksi ndiyo inayopandisha mzunguko huo kwa makusudi. Oili bado nzito, petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi, na masega ya ekzosi yanatakiwa yapate moto haraka ili yaanze kusafisha moshi. Ili kuyapasha, injini nyingi huchelewesha cheche katika sekunde za mwanzo, na hapo mlio huwa mkavu na mzito kidogo. Ukisikia mlio huo lakini mshale wa mzunguko umetulia na gari halichezi, hakuna ugonjwa.

Ugonjwa uko pale mshale unaporukaruka, usukani na kiti vinapotikisika, ekzosi inapotoa mlio wa kukatikakatika, au mzunguko unapoanza chini kabisa, tuseme 500, badala ya kuanza juu.

Kwa nini inatetemeka ikiwa baridi tu, ikipata moto inatulia?

Kwa sababu injini yenye moto inajua kuficha maradhi yake. Kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inayoiambia kontrol boksi kama mafuta yamezidi au yamepungua, na kontrol boksi hurekebisha papo hapo. Ila sensa hiyo haifanyi kazi mpaka ifike joto la nyuzi 300 na zaidi. Kabla ya hapo, kontrol boksi inamwaga mafuta kwa kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani, ikitegemea sensa ya joto la maji na vipimo vya hewa. Kama kuna mpira wa hewa uliopasuka au nozeli (kinachopulizia mafuta) iliyoziba nusu, hakuna wa kusahihisha katika muda huo, na injini inatetemeka. Sensa ya oksijeni ikiamka, upungufu unafidiwa, injini inatulia. Tatizo halijaondoka.

Sababu ya pili ni ya vyuma na mipira yenyewe. Gasketi iliyokakamaa huacha upenyo ikiwa baridi na huubana ikitanuka. Rubba ya koili (inayotengeneza umeme wa cheche) yenye ufa ikipata unyevu wa usiku huvujisha cheche pembeni. Injini ikipata moto unyevu unakauka na cheche inarudi mahali pake. Ndiyo maana swali la maana kuliko yote si "gari linafanyaje" bali "linafanya hivyo kwa muda gani tangu liwashwe". Tetemeko la sekunde 20 na tetemeko la dakika tano mara nyingi yana vyanzo tofauti.

Nimelipeleka gereji, fundi akasema haoni kitu. Ananidanganya?

Hapana, ulimpelekea gari lenye moto. Umeendesha kutoka nyumbani mpaka gereji, kasoro imeshajificha njiani. Kama unataka uchunguzi wa kweli, lilaze gari huko huko gereji, liamke hapo. Injini baridi maana yake maji ya rejeta yamefikia joto la hewa ya nje, na kwa kawaida hilo linataka muda wa saa nane au usiku mzima. Kuzima gari saa moja wakati wa chakula cha mchana hakutoshi.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kumsaidia fundi hata gari likifika na moto. Kodi, yaani namba ya kosa, inapoandikwa, kontrol boksi nyingi huhifadhi pia hali ya injini wakati ule: joto la maji, mzunguko, mzigo. Mwombe afungue ukurasa huo kwenye skana (kifaa cha kusomea kontrol boksi) kabla ya kufuta chochote. Kodi ya kumisi iliyoandikwa maji yakiwa na nyuzi 22 inaeleza hadithi tofauti na iliyoandikwa yakiwa na nyuzi 90.

Nianze wapi kabla ya kununua spea yoyote?

Anza kabla ya kuwasha. Una dakika chache tu za kuiona kasoro kila siku, na watu wengi huzipoteza wakitafuta tochi.

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Angalia kiwango cha maji ya rejeta na cha oili, na unuse kijiti cha oili: harufu kali ya petroli ni dalili kwamba kuna nozeli inayodondosha. Pitisha mkono kwenye mipira yote ya hewa kati ya filta na injini, ukiikunja kidogo, kwa sababu nyufa hujificha upande wa chini. Kisha chomeka skana, washa swichi bila kupiga stata, na usome mambo mawili: joto la maji na joto la hewa inayoingia. Kwa gari lililolala usiku mzima namba hizi zinatakiwa zikaribiane sana, pengine zitofautiane kwa nyuzi chache tu. Hewa ikisoma 19 na maji yakisoma 41, umeshapata mshukiwa bila kugusa spana.

Baada ya hapo ndipo uwashe, bila kukanyaga mafuta, uangalie. Mzunguko umeanza juu au chini? Tetemeko limeanza mara moja au limesubiri? Moshi una rangi gani? Weka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi, usiguse bomba. Pumzi inayotoka kwa mapigo sawasawa huku injini ikitikisika inaelekeza kwingine kabisa kuliko pumzi inayokata kila baada ya mapigo matatu. Rekodi video kwa simu, mshale wa mzunguko ukionekana na sauti ikisikika, fundi atakushukuru.

Nitajuaje kama sensa ya joto la maji ndiyo mbaya?

Kwa maoni yangu hii ndiyo spea inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu mara nyingi huharibika bila kuwasha taa. Ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Sensa nyingi husoma kati ya omu 2,000 na 3,000 hivi kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi omu mia mbili au mia tatu na kitu maji yakifika nyuzi 80 hadi 90. Waya ukikatika skana huonyesha nyuzi -40, kitu ambacho hakiwezekani, na hapo kodi ya kundi la P0115 hadi P0118 huandikwa. Balaa ni sensa inayodanganya kidogo. Ikisema maji yana nyuzi 50 wakati yana 18, kontrol boksi inapunguza mafuta kabla ya wakati, na injini baridi yenye njaa ya mafuta inatetemeka, inakohoa ukikanyaga, na kuzima ukiweka gia. Ikikosea upande wa pili, yaani ikisema baridi wakati kuna moto, utaona moshi mweusi na ulaji wa mafuta utapanda.

Angalizo: kwenye magari mengi ya zamani sensa ya kontrol boksi na ile ya geji ya dashibodi ni mbili tofauti. Geji kusoma vizuri hakuthibitishi chochote.

Ukiwa hapo, fikiria pia thamostati. Ikikwama wazi, injini inachelewa kupata moto na kipindi cha tetemeko kinarefuka. Magari mengi yataandika P0128.

Plagi na koili je? Kila mtu ananiambia nibadilishe plagi.

Mara nyingi wako sahihi, ila zifungue uzisome kwanza kabla ya kuzitupa. Zipange kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Ncha ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Masizi makavu meusi yanaonyesha mafuta mengi au cheche dhaifu. Plagi iliyolowa petroli haikuwasha kabisa. Iliyolowa oili inasema ringi au sili za vali zimechoka. Nyeupe kama chokaa imekula joto kupita kiasi, aghalabu kwa upungufu wa mafuta. Moja ikiwa tofauti na wenzake, tatizo liko kwenye silinda ile. Zote zikifanana kwa ubaya, tafuta kitu kinachozihudumia zote, kama sensa, presha ya mafuta au hewa.

Pima nafasi ya cheche. Magari mengi yako kati ya milimita 0.8 na 1.1, lakini namba ya kufuata ni ya kitabu cha gari lako. Nafasi iliyolika ikawa pana inadai volti kubwa zaidi kutoka kwenye koili, na mchanganyiko baridi usiochanganyika vizuri ndio wa kwanza kugoma.

Kwa koili, jaribio la bei nafuu ni kuhamisha. Kama kodi ni P0302 (silinda ya pili inamisi), chukua koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, futa kodi, ulaze gari, uwashe asubuhi. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo yenye kosa. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo, halafu nozeli. Kazi ya taratibu, lakini haikufanyi ununue koili nne kwa ajili ya moja.

Kuna tabia ya kuchomoa koili moja moja injini ikiwa inazunguka ili kuona silinda ipi haifanyi kazi. Iache. Unaweza kupigwa shoti kali, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega. Ukitaka jaribio hilo, chomoa soketi ya nozeli badala ya koili: silinda inakosa mafuta, hakuna kinachomwagika. Ile ambayo ukiichomoa hali haibadiliki ndiyo isiyofanya kazi.

Uvujaji wa hewa unapimwaje?

Pima injini ikiwa baridi, kwa sababu mbili: upenyo uko wazi wakati huo, na ekzosi haijawa na moto wa kuwasha dawa unayopuliza. Watu hutumia dawa ya kusafishia kabureta, wakiipuliza kidogo kidogo kwenye viungo vya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa) na mipira, wakisikiliza kama mzunguko unabadilika. Inafanya kazi, lakini ni kitu kinachowaka, na ukichelewa dakika chache unapulizia vyuma vyenye moto karibu na waya za cheche. Mashine ya moshi ni salama zaidi na haibahatishi: moshi unasukumwa kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa, na unapotokea ndipo penye tundu.

Maeneo ya kutazama kwanza: gasketi ya manifoldi ya hewa, mpira wa vali inayorudisha mvuke wa oili, mpira mkubwa kati ya filta na throto (mlango wa hewa ya injini), mpira wa servo ya breki. Huu wa mwisho una jaribio rahisi: kanyaga breki injini ikiwa kwenye sailensi; mzunguko ukibadilika sana na ukasikia mlio wa hewa miguuni, servo au mpira wake unavuja.

Kwenye skana tazama marekebisho ya mafuta, yanayoandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Dakika ya mwanzo STFT inaweza kusoma sifuri kwa sababu sensa ya oksijeni bado imelala, hiyo isikutulize. LTFT ndiyo kumbukumbu ya muda mrefu. Ikikaa juu ya asilimia 10 upande wa kuongeza, injini imekuwa ikidai mafuta zaidi kwa siku nyingi. Ongeza mzunguko hadi 2,500: namba ikishuka kuelekea sifuri, ni hewa inayoingia kwa wizi, kwa sababu tundu lile lile lina uzito mdogo injini inapovuta hewa nyingi. Ikizidi kupanda, angalia pampu, filta ya mafuta, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka. Kodi ya kawaida hapa ni P0171, na P0174 kwa injini zenye safu mbili za silinda.

Jambo linalochanganya wengi: si kila gari linafanana. Linalopima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta likivuja hewa hukosa mafuta na kutetemeka. Linalopima msukumo ndani ya manifoldi, hewa ya ziada huhesabiwa, kwa hiyo mara nyingi utakachoona ni sailensi kuwa juu kuliko kawaida.

Kusafisha throto kunasaidia?

Ndiyo, hasa mzunguko unapoanza chini sana. Kwenye sailensi hewa hupita kwenye upenyo mwembamba mno kuzunguka kile kidirisha cha duara, na gundi nyeusi ya mvuke wa oili hupunguza upenyo huo. Injini baridi ndiyo inayohitaji hewa nyingi zaidi, kwa hiyo ndiyo inayoumia kwanza. Safisha kwa dawa ya throto na kitambaa laini, injini ikiwa imezimwa. Throto za umeme usizisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa: mota inaweza kukubana kidole, au ukaharibu gia zake ndogo. Baada ya kusafisha, magari mengi yanahitaji kufundishwa upya sailensi, kwa skana au kwa utaratibu ulio kwenye kitabu. Bila hivyo sailensi huweza kukaa juu kwa muda, na watu hudhani wameharibu.

Magari ya zamani kidogo yana vali ya sailensi peke yake pembeni mwa throto. Baadhi hutumia maji ya rejeta kupasha nta inayofunga njia ya hewa taratibu. Maji yakipungua au hewa ikinaswa kwenye mfumo, vali hiyo haijui kama injini ina moto au baridi, na mzunguko unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Kabla ya kuinunua mpya, jaza maji na utoe hewa.

Mshale unapanda na kushuka badala ya kutetemeka. Ni kitu kile kile?

Ndugu wa karibu. Tafuta hewa inayovuja, vali ya sailensi, na hewa kwenye maji ya rejeta, kwa mpangilio huo. Plagi mbovu kwa kawaida hutikisa, hazifanyi mshale upande na kushuka kwa mwendo wa pole.

Inachelewa kushika, ikishika inatetemeka kidogo kisha inatulia. Ni mafuta?

Kuna uwezekano mkubwa. Pampu ina vali inayozuia petroli kurudi kwenye tangi ukizima gari. Ikichoka, presha hushuka usiku kucha. Jaribu hivi: asubuhi washa swichi bila kupiga stata, subiri sekunde mbili tatu pampu ijaze, zima, rudia mara tatu, ndipo upige stata. Ikishika vizuri siku hiyo na kutetemeka siku usiyofanya hivyo, presha ndiyo inayokimbia. Iwapo inakimbilia kwenye pampu au kwenye nozeli inayodondosha, geji ya presha itaamua.

Nozeli inayodondosha ina dalili zake: harufu ya petroli, moshi mweusi kidogo unapowasha, plagi moja iliyolowa. Injini ikilowa hivyo, kwenye magari mengi ukikanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini huku ukipiga stata, kontrol boksi hukata mafuta na silinda hukauka.

Nozeli iliyoziba ni kinyume chake: haimwagi mvuke, inatoa mkojo wa matone, na matone hayawaki kwenye silinda baridi. Dawa za kuchanganya kwenye tangi husaidia uchafu mdogo. Zilizoziba sana zinataka kutolewa na kusafishwa kwenye mashine. Na kama injini yako inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, jua kwamba dawa ya tangi haifiki kwenye vali za hewa. Masizi huota juu ya vali hizo, hunyonya mvuke na kuvuruga hewa, na kumisi wakati wa baridi ni dalili yake maarufu. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kuzisafisha.

Taa ya injini inapepesa wakati inatetemeka. Niendelee kuendesha?

Usiendelee. Taa iliyotulia inakuomba uchunguze. Inayopepesa inasema injini inamisi kiasi cha kuharibu masega, kwa sababu petroli mbichi inaungulia humo. Punguza mzigo, simama, zima. Ikiwa inapepesa kwa sekunde chache tu kila asubuhi kisha inaacha, bado unayachoma masega kidogo kidogo.

Kuhusu kodi zenyewe: P0300 ni kumisi kunakohamahama au kulikoshika silinda kadhaa, P0301 na kuendelea hutaja silinda, P0506 ni sailensi iliyo chini kuliko inavyotakiwa, P0507 iliyo juu. Kodi inakupa mtaa, haikupi nyumba. P0301 haisemi plagi, wala koili, wala nozeli. Inasema silinda ya kwanza haikuwaka, basi.

Maji ya rejeta yanapungua na asubuhi kuna moshi mweupe.

Mvuke mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache ni wa kawaida. Ni maji yaliyotengenezwa na kuungua kwa petroli. Moshi mzito unaodumu, wenye harufu tamutamu, pamoja na maji yanayopungua bila kuona tone chini, ni habari nyingine. Gasketi ya hedi ikiwa na upenyo mdogo, presha iliyobaki kwenye rejeta husukuma maji ndani ya silinda usiku. Asubuhi silinda hiyo inamisi kwa sekunde 20 au 30, inayatema, kisha injini inatulia siku nzima. Ndiyo maana wengi hununua plagi na koili kabla ya kuamini.

Njia ya kuthibitisha: jioni weka pampu ya kupima presha kwenye rejeta, iache usiku. Asubuhi angalia kama presha imeshuka, fungua plagi, utazame ndani kwa kamera ndogo. Kichwa cha pistoni kilichooshwa kikang'aa wakati vingine ni vyeusi kimejibu. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Na usiendelee kusukuma siku: maji yakijaa kwenye silinda, stata inaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Gari linatikisika lakini mshale hausogei hata kidogo.

Angalia mauntini za injini. Rubba iliyochoka huwa ngumu zaidi ikiwa baridi na kupitisha mtikisiko wa kawaida hadi kwenye usukani. Mtu akae ndani, akanyage breki kwa nguvu, aweke D kisha R, nawe simama pembeni uone injini inaruka kiasi gani. Usisimame mbele ya gari.

Betri inaweza kusababisha haya?

Ndiyo, kidogo. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazungusha, cheche na nozeli vinafanya kazi kwa njaa na uwashaji unakuwa mbaya. Injini ikiwaka, chaji inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Ukiwa umetoa betri hivi karibuni, tetemeko la siku moja mbili linaweza kuwa kontrol boksi inajifunza upya.

Na oili?

Oili nzito kuliko inayotakiwa na kitabu huchelewa kufika kwenye tapeti za haidroliki na kwenye mfumo unaobadilisha muda wa vali. Utasikia mlio wa tiki-tiki na tetemeko la sekunde za mwanzo. Kumimina 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 eti kwa sababu "imechoka" ni ushauri ninaoupinga.

Langu ni dizeli. Nifuate haya haya?

Sehemu ndogo tu. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na asubuhi joto hilo husaidiwa na plagi za kupashia. Moja ikiungua, silinda moja haiwaki kwa nusu dakika ya mwanzo: tetemeko, na moshi mweupe unaochoma macho, ambao ni dizeli isiyoungua. Pima ukinzani wa kila moja ikiwa imechomolewa waya. Nyingi nzima husoma kati ya omu 0.5 na 2, iliyokufa haisomi kitu. Kodi P0380 au za kundi la P0670 huelekeza huko, ila usisahau relei na kontrola yake. Kuzifungua ni kazi ninayokushauri uifanye injini ikiwa na uvuguvugu, maana zikiwa baridi hukatikia ndani ya hedi.

Plagi zikiwa nzima, tafuta hewa kwenye mafuta. Kiungo kinacholegea huacha dizeli irudi tangini usiku, na kwenye mpira unaopitisha mwanga utaona mapovu asubuhi. Kisha nozeli: injini za komoni reli huonyesha kwenye skana kila silinda inarekebishwa kiasi gani, na pia zinaweza kupimwa kwa kiasi cha dizeli inayorudi.

Bado natumia kabureta.

Basi choki ndiyo sensa yako. Injini ikiwa baridi kidirisha chake kinatakiwa kiwe kimefungwa karibu chote, kisha kifunguke taratibu. Toa filta, tazama kwa macho, kisha angalia skrubu ya sailensi ya baridi. Usikaze skrubu za mchanganyiko kabla ya kuhakikisha choki na mipira ya hewa ni mizima, utapoteza mahali pa kuanzia.

Niliache lipate moto kabisa kabla ya kuondoka?

Kwa gari zima, nusu dakika hadi dakika moja inatosha, kisha uendeshe pole pole mpaka joto lipande. Kusubiri robo saa kunachafua plagi na kupeleka petroli kwenye oili. Usiliwashe kamwe kwenye gereji au banda lililofungwa, hata kwa uchunguzi wa dakika chache: moshi wa ekzosi una monoksidi ya kaboni, haina harufu, na inaua.

Nimeshabadilisha vyote hivyo na bado inatetemeka.

Acha kununua spea, pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Fungua plagi zote, kata mafuta na cheche, kanyaga pedeli mpaka chini, zungusha stata mpaka geji iache kupanda. Petroli nyingi nzima ziko kati ya baa 9 na 14. Lililo muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda, isizidi asilimia 10 hadi 15. Pima ikiwa baridi, halafu siku nyingine ikiwa na moto. Vitabu vingi husema pima na moto, na kwa kulinganisha na namba ya kiwanda ni kweli. Lakini kasoro yako ni ya baridi, kwa hiyo namba za baridi ndizo zitakazoonyesha silinda inayobaki nyuma.

Silinda iliyo chini idondoshee kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, vali au gasketi ya hedi. Vali iliyoganda kwa masizi hukwama ikiwa baridi na kulegea ikipata moto, na hapo skana haitakuambia zaidi ya P030 na namba ya silinda. Kinachofuata ni jaribio la kusukuma hewa ndani ya silinda na kusikiliza inakotokea: kwenye throto, kwenye ekzosi, kwenye tundu la oili, au kama mapovu kwenye rejeta.